Mjadala: Je, kompyuta zijifiche katika maisha ya mwanafunzi, au zibaki mahali anapoziona?

Mleta mada

Ndugu zangu, mjadala wa kompyuta na elimu mara nyingi huishia kwenye swali la kama watoto waruhusiwe kuingia na simu darasani. Ufaransa ililijibu kwa sheria mwaka 2018, nchi nyingine zimefuata njia hiyo, na sina nia ya kulifufua hapa. Kinachonishughulisha ni kompyuta ambazo hakuna anayezikataza kwa sababu hakuna anayeziona: saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo, spika inayojibu maswali ya hesabu, kamera ya mlangoni inayotambua sura, programu ya somo inayopima mwanafunzi amesita kwa sekunde ngapi kabla ya kuchagua jibu. Je, hizi nazo tuziache ziendelee kujipenyeza kimyakimya, au tudai zijitambulishe?

Wazo la kompyuta zilizoenea kila mahali si la jana. Mwanasayansi wa kompyuta Mark Weiser alilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, California, na mwaka 1991 akalifafanua katika jarida la Scientific American. Alidai kwamba teknolojia iliyokomaa hutoweka machoni, mtu akaitumia huku akili yake yote ikiwa kwenye kazi. Maabara yake ilitengeneza vifaa vya vipimo vitatu, yaani vidogo vya kushika kiganjani, vya ukubwa wa daftari, na vibao vya ukutani, vyote vikiwasiliana, ili chumba kimoja kiwe na kompyuta nyingi na hakuna hata moja inayodai kukodolewa macho.

Kwa maisha ya kila siku nakubaliana naye karibu kwa kila neno. Anayekanyaga breki kwenye barabara yenye utelezi hahitaji kujua kwamba kompyuta inaachia na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde moja ili magurudumu yasigande. Anahitaji gari liendelee kufuata usukani. Kujifunza ni habari nyingine, kwa kuwa mwanafunzi hakuletwa darasani ili kazi iishe upesi, na mara nyingi anachokuja kukikumbuka ni pale alipokwama. Msimamo wangu basi ni huu: darasani nyaya na mashine vijifiche vitakavyo, lakini kipimo, kosa na jina la anayepokea taarifa visifichwe.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta inayoonekana nayo haijafanya maajabu, na wana ushahidi. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti kuhusu shule za msingi 319 za vijijini nchini Peru, ambako wanafunzi wa baadhi ya shule hizo waligawiwa kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na alama zao za hesabu na lugha hazikuonekana kupanda kuliko za shule ambazo hazikugawiwa. Mimi nausoma utafiti huo hivi: kugawa mashine ni jambo moja, na kuifungamanisha na kitu ambacho mtoto anakitafuta ni jambo jingine kabisa.

Mfano wa hilo la pili ni mradi wa Ambient Wood uliofanywa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto waliingia msituni wawili wawili wakiwa na kijiti cha kupimia mwanga na unyevu, pamoja na kompyuta ya mkononi iliyowaonyesha kipimo kwa picha. Wakikichomeka kijiti kwenye kuvu chini ya mti, picha inabadilika. Wakikipeleka kwenye uwazi unaopigwa na jua, inabadilika tena, na hapo unaanza ubishi wa kwa nini iwe hivyo na wapi wapime tena. Baadaye vipimo vya makundi yote viliwekwa kwenye ramani moja, wakajadiliana msitu mzima. Yvonne Rogers, mmoja wa watafiti wa mradi huo, aliandika mwaka 2006 kwamba ndoto ya Weiser ya kompyuta tulivu iachiwe nafasi na kompyuta zinazomshughulisha mtu na kumchokoza afikiri. Nami nasimama upande wake. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, na kuhusu kile kijiti cha msituni sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu ni namna unavyotenganisha mashine na kipimo, kana kwamba mtu anaweza kuificha mashine halafu kipimo kikabaki wazi. Aliyeificha mashine ndiye anayeamua utaambiwa nini kuhusu kipimo. Ukitaka kujua kwamba ufuatiliaji haukuja baadaye kama kasoro ya bahati mbaya, itazame beji iliyobuniwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge karibu na mwaka 1990: mfanyakazi aliivaa kifuani, nayo ikatuma ishara kila baada ya sekunde kumi na tano hivi, ili simu yake ielekezwe kwenye chumba alichomo. Huduma nzuri kweli, lakini haikuwezekana bila kujua kila mtu yuko wapi saa zote za kazi.

Sasa mlete mtoto. Mwaka 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla, aliyekuwa na maikrofoni na muunganisho wa Bluetooth, na ikawataka wazazi wamharibu. Zingatia sababu iliyotolewa: sheria ya nchi hiyo hairuhusu kifaa cha kunasa na kurusha sauti kilichofichwa ndani ya kitu cha kawaida cha nyumbani. Kule kujificha ambako Weiser alikuona ndiko kukomaa kwa teknolojia, sheria ilikuona kuwa ndilo kosa lenyewe. Miaka miwili baadaye, nchini Uswidi, bodi ya shule ya Skellefteå ilitozwa faini ya kroni 200,000 kwa sababu shule moja ya sekondari ilijaribu kuchukua mahudhurio kwa kamera ya kutambua sura. Shule ilijitetea kwamba wahusika walikuwa wameridhia. Mamlaka ya ulinzi wa data ya nchi hiyo, iliyotoza faini, ikakataa utetezi huo, ikisema kwamba kati ya mwanafunzi na shule hakuna uwiano wa nguvu unaoweza kuifanya ridhaa iwe huru.

Hilo ndilo linalovunja hoja yako, ndugu yangu. Hata ukimwandikia mtoto ukutani, kwa herufi kubwa, kila kinachopimwa na kila anayepokea, atafanya nini na habari hiyo? Hawezi kutoka darasani. Mtu mzima akichoshwa na spika inayosikiliza anaichomoa kwenye umeme, ingawa mwaka 2023 kampuni ya Amazon ililazimika kukubali kulipa dola milioni 25 nchini Marekani, miongoni mwa mengine kwa kuhifadhi kwa muda usio na kikomo sauti za watoto zilizonaswa na Alexa, msaidizi wake wa sauti. Mimi nasema vifaa vya aina hiyo visiingie darasani kabisa, na anayetaka viingie ndiye athibitishe faida yake kwanza.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu wote wawili, nafundisha wanafunzi wenye usikivu hafifu, na naona mmelisahau kundi ambalo kwalo kutoweka kwa kompyuta si anasa. Mwanafunzi wangu huvaa shimesikio ndogo, yaani vifaa vya kumsaidia kusikia, masikioni, nami huvaa maikrofoni shingoni inayotuma sauti yangu moja kwa moja kwenye vifaa vyake. Mwangwi wa chumba na kukwaruzana kwa viti havimfikii kama vinavyowafikia wenzake. Kwa dakika hizo anaweza hata kunisikia vizuri kuliko aliyekaa dawati la mbele. Ndani ya kifaa kile kuna kompyuta inayochambua sauti bila kukoma, na jambo ambalo mwanafunzi huyu asingependa hata kidogo ni ijitangaze. Anataka aonekane mwanafunzi kama wengine. Kwa hiyo mchangiaji wa kwanza anaposema vifaa vya kunasa na kurusha sauti visiingie darasani kabisa, aniambie maikrofoni yangu niipeleke wapi.

Hata hivyo nina la kumwongezea mleta mada, tena kutoka upande usiotarajiwa. Kila mwalimu wa fani yetu anajua hatari ya kusahau kuzima maikrofoni. Unatoka darasani, unaingia ofisi ya walimu, mnazungumza mambo yenu, na umbali ukiruhusu mtoto aliyebaki kwenye dawati anayasikia yote. (Na niwahakikishie kwamba watoto hawaharakishi kukukumbusha.) Safari hii anayesikilizwa bila kujua ni mwalimu. Tiba yake ni taa ndogo kwenye maikrofoni inayoonyesha kama inarusha sauti, pamoja na swichi ambayo kidole huipata bila kutazama. Mashine imejificha kwa anayehitaji ijifiche, na hali yake inaonekana kwa anayeweza kudhurika nayo. Hivyo viwili vinawezekana kwa pamoja, na havikuhitaji sera ya kurasa mia.

Mleta mada

Nakushukuru, mwalimu. Taa na swichi ndivyo nilivyokuwa navitafutia maneno. Nikuombe radhi tu kwamba mfano wako unanisaidia zaidi mimi kuliko unavyomsaidia ndugu yetu wa kwanza.

Kwako wewe, ndugu mchangiaji wa kwanza, nakubali kwamba ridhaa ya mwanafunzi ni dhaifu na kwamba kumjulisha peke yake hakumlindi. Lakini uamuzi wa Uswidi haukulaani kila kipimo. Ulisema pia kwamba kutambua sura ni kuingilia faragha kupita kiasi kwa jambo ambalo lingeweza kufanywa kwa njia nyepesi zaidi. Kuita majina, kwa mfano. Kijiti cha msituni hakina njia nyepesi ya kukibadili, kwa sababu jicho la mtoto haliwezi kusoma unyevu kwa tarakimu. Ningependa sheria zetu ziulize swali hilo kwanza: je, kifaa hiki kinampa mwanafunzi hisi ambayo hana, au kinampa mwingine macho juu ya mwanafunzi?

Na hapa nirudi kwenye kosa, ambalo hamkuligusa. Seymour Papert na wenzake waliasisi lugha ya kompyuta ya Logo mwaka 1967, ambamo mtoto baadaye aliweza kuamuru kobe, yaani roboti ya sakafuni au alama kwenye kioo, atembee na kuchora. Anayetaka pembetatu yenye pande sawa mara nyingi humwambia kobe ageuke nyuzi 60, kwa kuwa ndiyo pembe aliyofundishwa, na kobe akiendelea hivyo anatoka na umbo la pande sita. Mtoto analiona kosa lake limelala sakafuni au kwenye kioo, analizunguka, hatimaye anagundua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Linganisha na programu ya siku hizi inayogundua kwamba mtoto amesita, ikampunguzia ugumu wa swali linalofuata bila kumwambia lolote. Huyu wa pili hatajua kwamba alishushwa ngazi, wala kwa nini, na mwalimu wake huenda asijue. Kwangu hilo ni baya hata kama taarifa zote zimebaki ndani ya chumba na hakuna kampuni iliyoziona.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo umenisogeza, ingawa si sana. Maikrofoni ya mwalimu naiondoa kwenye katazo langu, na kijiti chako pia, kwa sharti kwamba kifaa kifanye kazi yake yote bila akaunti ya mtoto na bila seva ya mbali. Programu inayoshusha ngazi kimyakimya hainihitaji nikupinge, kwa kuwa wewe mwenyewe umekwisha kuihukumu.

Lakini swali lako la hisi na macho halitatosha kwenye ununuzi. Kifaa kimoja hufanya yote mawili: saa inayomfundisha mtoto jinsi moyo unavyoenda mbio baada ya zoezi ndiyo hiyohiyo inayoweza kumwambia mwalimu nani alikuwa na wasiwasi wakati wa mtihani, na tofauti iko kwenye programu inayoweza kubadilishwa usiku kwa sasisho moja. Leo unaidhinisha kijiti, kesho kimekuwa kitu kingine na hakuna aliyeulizwa. Nionyeshe nani atakuwa na mamlaka ya kulikataa sasisho hilo kwa niaba ya darasa, kisha tuendelee.