Wauza pikipiki Mwanza, punguzo gani hili la kunipunguzia risiti?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Nilikuwa natafuta pikipiki mpya, cc 125, ya kunitoa Mwaloni Kirumba kwenda Igombe na Kayenze kufuata dagaa. Aina sitaitaja, maana nikiitaja mtalijua duka na uzi utafutwa. Ni duka kubwa la mjini kati, la vioo na kiyoyozi, ukikaa tu unaletewa maji ya chupa. Hayo maji nayo nadhani yamo kwenye bei.

Bango la nje: 2,950,000. Kwenye simu niliambiwa "njoo mzee, bei tutaongea". Kuongea bei ndiyo kazi yangu, nikaenda. Kijana wa mauzo akanipokea na "Mwangaluka!" ya nguvu. Msukuma ukisalimiwa kwa lugha ya nyumbani na mtu anayeitaka hela yako, shika mfuko.

Nikamwambia nina keshi yote, leo hii, anipe bei ya mwisho. Zamani ukitamka keshi muuzaji alikuwa anakaa vizuri kwenye kiti. Huyu alinyong'onyea. Akaanza kunibembeleza nichukue kwa mkopo: kianzio 600,000, halafu 60,000 kila wiki kwa wiki 72. Nikapiga hesabu kwenye simu mbele ya macho yake: 4,920,000. Karibu milioni mbili juu ya bango, na pikipiki inafungwa kidude cha kuizima ukichelewesha rejesho! Kumbe ulaji wao uko huko, kwa vijana wa bodaboda ambao hawana pa kuanzia. Mwenye keshi siku hizi ni msumbufu tu, hana faida.

Mkopo nikaukataa, ngonjera zikaanza. "Bosi wangu, dola imepanda." Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 hadi karibu 2,400 kwa muda mfupi tu. Nani humu aliona bango la pikipiki linashushwa? Ikipanda, bei inabadilishwa jioni hiyohiyo. Ikishuka, unaambiwa mzigo uliopo ni wa zamani. Nikamuuliza, na huu wa leo ni mpya au wa zamani? Akahamia kwenye nauli ya lori kutoka Dar. Utadhani lile bango lilikuwa limetundikwa Kariakoo!

Akaniletea karatasi ya mchanganuo. Jamani. Juu ya bei ya bango kuna usajili na namba, kuna bima ndogo (ile ya lazima, ya kufidia mtu mwingine) 120,000, kuna bampa na keria, kuna helmeti, na kuna kitu kinaitwa "maandalizi" 60,000. Maandalizi ni nini? Ni kuitoa pikipiki kwenye boksi, kufunga usukani, tairi la mbele na betri. Sasa nani anakuja dukani kununua pikipiki iliyolala kwenye boksi? Mimi nikikuuzia gunia la dagaa sikudai hela ya kuwaanika. Jumla ikagonga 3,310,000. Na kijana anaisoma kwa sauti ya upole kabisa, kama daktari anayekupa majibu.

Lakini yote hayo ningeyameza, kuvutana ni kuvutana. Kilichonipandisha presha ni kilichofuata.

Niliomba kuonana na mkubwa wake. Akaja mama mmoja mstaarabu sana, anaongea taratibu. Akasema, "Baba, mimi nakusaidia. Nakutolea elfu hamsini kwenye bei ya pikipiki, ila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tutaiandika 1,770,000. Usijali, kadi itatoka kwa jina lako kama kawaida." Amesema hivyo mchana kweupe, na kibandiko cha kudai risiti kimebandikwa ukutani nyuma yake.

Hebu tupige hesabu pamoja, maana nadhani wengi wanapita hapo wakifurahia elfu hamsini. VAT ni asilimia 18. Kwenye 2,950,000, bei ya pikipiki yenyewe ni 2,500,000 na kodi ni 450,000. Hiyo kodi naitoa mimi mnunuzi, duka ni mbebaji tu. Risiti ikiandikwa 1,770,000, kodi inayoonekana TRA ni 270,000. Zinabaki 180,000 ambazo nimezitoa mfukoni mwangu na hazifiki serikalini. Kati ya hizo mimi narudishiwa 50,000 zangu mwenyewe, wao wanabaki na 130,000, halafu natakiwa niseme asante mama.

Na hasara ni yangu peke yangu. Pikipiki ikisumbua na ukadai urudishiwe hela, utarudishiwa ipi, uliyolipa au iliyo kwenye risiti? Ukikata bima kubwa na ikaibwa, utaonyesha karatasi gani kwamba ilikuwa na thamani ya karibu milioni tatu? Na kwa sheria zetu kudai risiti sahihi ni wajibu wa mnunuzi pia, kwa hiyo wakibanwa wao na wewe umo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Bango la 2,950,000 linaloishia 3,310,000 mezani mnaliitaje?

Nilinyanyuka. Mama akanifuata hadi mlangoni, elfu hamsini ikawa themanini. Nikamwambia aiandike hiyo themanini kwenye profoma, ile karatasi ya bei kabla ya kulipa, na risiti iwe ya hela yote. Akakumbuka ana mgeni ofisini.

Pikipiki nimeinunua upande wa Nyakato, kaduka ka kawaida, hata maji sikupewa. Swali langu lilikuwa moja tu: jumla ni ngapi mpaka natoka nayo getini, kadi na namba kwa jina langu, risiti ya hela yote? Mzee wa pale alianza na 3,080,000, tukavutana, tukafungia 2,960,000 pamoja na usajili na helmeti, bila hayo "maandalizi". Kaandika kwenye profoma kabla sijatoa hela, na namba za injini na chesisi nimezilinganisha na karatasi hapohapo. Bima ndogo nimekata mwenyewe kwa wakala, karibu nusu ya ile 120,000, na stika nimeihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Bampa nimefungiwa na fundi Buzuruga.

Kwa hiyo inawezekana kuuza pikipiki Mwanza na risiti kamili na duka lisifungwe. Na wale mnaokuja kuandika "mkuu, hiyo ni kawaida, kila duka ni hivyo", mniambie basi ninyi mlipunguziwa shilingi ngapi na risiti iliandikwa ngapi. Walionunua mwaka huu Mwanza, Geita, Musoma na Bukoba, wekeni hapa cc, jumla mpaka getini, na kama risiti ilikuwa ya hela yote. Majina ya maduka yaacheni.