Saa za akina mama wa jikoni tunaziandikaje kwenye bajeti ya kituo?

Mhazini_Moshi: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhazini wa kamati ya kituo cha wazee kilicho chini ya kanisa letu hapa Moshi. Kuna mfadhili wa nje anataka kutujengea bweni, ila lazima tuoneshe mchango wetu. Nguvu kazi ya kujitolea anaikubali, mradi iwe na thamani ya shilingi na ushahidi. Pesa taslimu hatuna. Tuna akina mama wanaopika na kufua kwa zamu, nesi mstaafu anayepima presha na sukari, na vijana wa kwaya wanaobeba kuni. Saa hazijawahi kuandikwa. Kikaoni mzee mmoja wa kanisa kaja juu: sadaka haipigiwi hesabu, mkiiwekea bei mmeigeuza kibarua. Maombi yanatakiwa mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

KahawaChungu: Msimbeze huyo mzee. Ukishatangaza saa ya mama fulani ni shilingi kadhaa, kesho atauliza mbona hajaziona. Ongeeni nao kwanza kabla ya kujaza fomu yoyote.

Debiti_na_Krediti: Nakagua hesabu za mashirika hapa Arusha. Mfadhili haulizi nia ya mtu, anauliza kazi hiyo ingegharimu kiasi gani kama mngelipa. Ndiyo njia iliyomo kwenye mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 2011 wa kupima kazi za kujitolea: kibarua wa kazi ileile analipwa ngapi hapo kwenu? Mfano tu, msaidizi wa jikoni mgahawani Kiboriloni akilipwa 8,000 kwa siku ya saa 8, saa moja ni 1,000.

Angalia kazi, usiangalie mtu. Nesi akipima presha, weka kiwango cha nesi. Akikaa jikoni kumenya vitunguu, saa hizo ni za jikoni, hata awe na vyeti ukuta mzima. Mfadhili akikuta vitunguu vimemenywa kwa mshahara wa nesi, anaanza kutilia shaka hata yale ya kweli.

Halafu usichanganye na daftari la fedha. Uingereza, saa za kujitolea za kawaida haziingizwi kwenye hesabu kama mapato, zinaelezwa tu kwenye ripoti. Marekani wanaingiza zile za kitaalamu ambazo ungelazimika kuzinunua, pamoja na zinazojenga au kuboresha mali kama jengo. Kwa hiyo muulize mfadhili wako anafuata utaratibu upi.

Binti_wa_Pasua: Mimi nina la kuuliza. Dereva wa kituo anapata posho? Mlinzi je? Kama wanapata, kwa nini anayeinjika sufuria ya makande alfajiri ndiye "anajitolea"? Sitaki kuharibu kikao cha mtu, ila kwenye taasisi zetu za dini kazi ya mwanamke huwa sadaka hata kabla hajaulizwa. Angalau mrudishieni nauli.

Mhazini_Moshi: @Binti_wa_Pasua dereva anapata, na mlinzi pia. Nauli ya akina mama hatujawahi kuijadili, wanatoka mfukoni. Hilo nalipeleka kikaoni. @Debiti_na_Krediti, naweza kukadiria saa za miezi iliyopita? Wote tunajua nani alikuwa zamu.

Debiti_na_Krediti: Usibuni karatasi za nyuma, na usimsainishe mtu leo kwa tarehe ya juzi. Fungua daftari kesho: jina, kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi yake na ya msimamizi wa zamu. Kwenye maombi andika makadirio ya kazi itakayofanyika kipindi cha mradi, mweleze umeyapataje. Asiyetaka jina lake liandikwe, muache, na saa zake usizidai.

KahawaChungu: Daftari libaki jikoni. Likiwekwa ofisini hakuna atakayepanda ngazi na mikono ya unga kwenda kusaini.

Mhazini_Moshi: Nimewapata wakuu. Msimamizi wa zamu ni mke wa yule mzee, naanza kuongea naye kabla ya ibada ya Jumapili.