Tupeane uzoefu: gari lako ulichagua rangi gani, na umeitunzaje mpaka leo?

Mgeni Barabarani

Wakuu habari za mchana. Nipo mbioni kuagiza gari langu la kwanza kutoka Japani, ka-Toyota IST tu, kale kadogo, hela nimedunduliza miaka minne na vikoba viwili kwa hiyo sitaki kujuta. Injini nimeelewa, ushuru nimepiga hesabu mpaka kichwa kikauma, nilipokwama ni kwenye rangi. Mie nataka nyeusi. Mke wangu anataka nyekundu, hataki kusikia kingine. Shemeji yangu anasema nyeupe maana ndo inauzika haraka. Nakaa Mbezi ya Kimara, kutoka lami mpaka kwangu ni vumbi kama mita mia nane hivi, kibanda cha gari sina, litalala chini ya mwembe.

Naomba tusipeane nadharia, kila mtu aseme lake lilikuwa rangi gani, likapatwa na nini na alifanyaje.

Nyundo Butu

Nyeusi usithubutu mkuu. Nimekaa na Crown nyeusi miaka mitatu, ukiitoa kuosha inapendeza mpaka unapunguza mwendo kwenye vioo vya maduka ujione, ila huo uzuri ni wa nusu saa, ukishaingia barabara ya vumbi tu unarudi na gari la kijivu. Na hilo vumbi sio shida sana, shida ni mikwaruzo. Usiku mmoja pale sheli mtu kapiga tochi ya simu kwenye boneti nikaona miduara miduara kama utando wa buibui gari zima, nikadhani nimefanyiwa makusudi. Kumbe ni mimi mwenyewe na kijana wangu wa kuosha, ndoo moja, kitambaa kikidondoka chini kwenye mchanga kinaokotwa kinaendelea na kazi. Ule mchanga ndo msasa wenyewe.

Nikapiga kompaundi, ile dawa ya kusugulia mikwaruzo, na polishi ikarudi kama kioo, baada ya miezi minne utando uko palepale kwa sababu kijana ni yuleyule na ndoo ni ileile.

Mama Wawili Dom

Mimi niko Dodoma, vumbi letu mnalijua. Gari ni Vitz ya silva na nilichukua silva kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko nyeupe, sikuwa na akili nyingine yoyote. Mwaka wa sita huu, aisee silva inaficha siri. Inaweza kukaa siku tano haijaguswa maji na mtu akakuuliza umeosha wapi.

Kilichonikuta mimi ni watoto wa mtaani. Waliandika kwa kidole kwenye vumbi kioo cha nyuma na mlango, "OSHA GARI", nikacheka nikaosha. Kesho yake jua la saa kumi likapiga ubavuni, nikaona herufi zote ziko kwenye rangi, O S H A, zimechorwa kabisa. Mpaka leo jua likikaa vibaya nasomeka. Toka siku ile haigusi mtu ikiwa kavu, na lile brashi la manyoya la kupangusia nimelitupa, kwanza maji mengi yashushe vumbi ndo mkono ufuate.

Fundi wa Gerezani

Wazee ngoja niseme kidogo maana hii ndo kazi inayonilisha miaka kumi na saba sasa.

Rangi ya kiwandani ni nyembamba kuliko mnavyofikiri. Ukijumlisha matabaka yote, ya kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe na klia, ile ya uwazi inayong'aa juu, mara nyingi unapata maikroni 100 mpaka 150 hivi, na maikroni elfu moja ndo milimita moja. Klia peke yake ni kama 40 au 50, yaani nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Sasa kila ukipiga kompaundi unakula hiyo klia. Huyu ndugu wa Crown akipiga kila baada ya miezi minne siku moja atafika kwenye rangi na hapo hakuna polishi itakayomsaidia, ni kupuliza upya. Halafu ile rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri joto la nyuzi kama 140, bodi likiwa tupu halina waya wala mpira. Mimi gereji yangu nina turubai na jua la Dar. Naweza kukupigia vizuri ukafurahi, ila kama ile haitakuwa, fundi akikwambia itakuwa sawasawa na ya kiwandani anataka hela yako tu.

Kwa hiyo mie mtu akiniuliza rangi gani namuuliza kwanza, siku ukigongwa na bodaboda unataka ulie kiasi gani? Nyeupe ya kawaida, ile Toyota namba 040, ukikwangua mlango nakupigia mlango peke yake na hutajua. Nyeupe ya lulu, 070, hiyo ni hatua tatu, nyeupe chini, unga wa lulu katikati, klia juu, ule unga ukizidi mkono mmoja tu mlango unakuwa wa njano kidogo na boneti ya bluu kidogo, inabidi niivute rangi mpaka kwenye fenda jirani ili macho yadanganyike, na gharama inapanda. Silva nayo ina ukorofi wake, vile vichuma ndani ya rangi vinalala kutegemea presha ya kompresa na umbali wa mkono, ukipulizia kiraka kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Silva nzuri ni ile ambayo haijaguswa.

Nyekundu ni jua. Sisemi zaidi.

Kijana wa Likoni

Waungwana salaam kutoka Mombasa. Fundi amesema nyekundu ni jua, mimi ndio ushahidi. Gari yangu ilikuwa nyekundu, ikakwaruzwa ubavu mzima na tuktuk, nikaipeleka kwa fundi wa bei ya kutupa akanipigia Duco badala ya 2K, siku ya kwanza ilikuwa yang'ara kama pipi. Mwaka haujaisha ubavu mmoja ni mwekundu na wa pili ni rangi ya chai ya maziwa. Ukinipita kushoto na kulia wadhani ni gari mbili. Huku twajua sasa, waulizwa Duco au 2K, na 2K yachanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ndio ikauke, bei si moja lakini jua halichezi nayo upesi.

Jambo la pili ni chumvi. Mimi navuka na feri kila siku, upepo wa bahari waleta chumvi juu ya gari hata hujaona maji. Pale palipodonolewa na kokoto, kidoa kama kichwa cha njiti, kutu yaanzia hapo yaingia chini ya rangi yatambaa, wewe waona kipele tu ukikibonyeza chatoka ganda lote. Dawa yangu ni kachupa ka rangi ya kugusia kenye namba ya gari, nagusa siku hiyo hiyo, na kila Jumapili namwagia maji baridi mpaka chini ya uvungu.

Mangi Mpole

Mimi yangu sio ya kutunza ni ya kiherehere. Noah yangu ilikuwa silva nikaona imezeeka nikaipiga nyeusi yote, mpaka fremu za milango. Ikapendeza balaa. Wiki ya pili trafiki kanisimamisha Chalinze, kaomba kadi, kadi inasema SILVER, gari jeusi tii, akaniangalia akaangalia gari akazunguka akarudi. Masaa mawili niko pembeni naeleza. Ikabidi baadae nikabadilishe taarifa TRA, na bima pia. Kama mnabadili rangi hilo lifanyeni mapema, ukisubiri usimamishwe utaonekana mwizi wa gari lako mwenyewe.

Lulu ya Mbezi

Jamani kotingi ya seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi iilinde, vipi, kuna mtu kaona faida? Mimi nina Harrier nyeupe ya lulu, nikalipa laki tisa, nikaambiwa miaka mitano usiguse kitu, ugumu wa 9H hata ukipiga na funguo haikwanguki. Miezi miwili ya kwanza maji yalikuwa yanakimbia kama kwenye jani la mgomba. Mwezi wa nane maji yanakaa, na kuna madoa meupe ya duara kwenye boneti hayatoki hata kwa shampuu. Nikapiga simu naambiwa nimekosea kuosha.

Fundi wa Gerezani

Dada maji unatumia ya wapi?

Lulu ya Mbezi

Kisima cha nyumbani. Yana chumvi kweli.

Fundi wa Gerezani

Basi hapo ndo pana mchawi. Maji ya kisima yakikaukia juani maji yanaondoka yanaacha chokaa na chumvi, kesho tena, keshokutwa tena, mwisho inajijenga juu ya kotingi na maji hayakimbii tena hata kama kotingi bado ipo. Chukua siki nyeupe changanya na maji nusu kwa nusu, gari likiwa kivulini na limepoa, loweka kitambaa weka juu ya doa dakika moja mbili, suuza vizuri. Jaribu kwanza sehemu ndogo. Likigoma basi limeshakula, hapo ni polishi. Na siku zote kausha na taulo la maikrofaiba, usiache gari lijikaushe. Sabuni ya unga ya kufulia achana nayo kabisa, inang'oa waksi na inaichosha hiyo kotingi.

Hiyo 9H ni kipimo cha penseli, kuna penseli za ugumu tofauti wanakwaruzia. Sio ugumu wa jiwe wala funguo. Seramiki inasaidia uchafu usigande na jua lisiiumize sana rangi, ila kokoto ya barabara ya Morogoro itapita nayo kama kawaida. Kinachozuia kokoto ni ile plastiki nene ya uwazi wanayobandika bampa na boneti, PPF, nayo bei yake unaweza kununua injini ya IST ukabakiwa na ya chai.

Mswahili wa Muscat

Huku kwetu Oman angalieni barabarani, nyeupe, nyeupe, nyeupe. Mwezi wa sita ukishika mlango wa gari jeusi lililolala juani unaacha ngozi. Na sio hisia tu, mwaka 2011 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California waliziweka juani Honda Civic mbili, nyeusi na silva, paa la nyeusi likazidi kwa nyuzi hadi 25 na hewa ya ndani ikazidi nyuzi 5 mpaka 6. AC ndo inalipa hiyo tofauti, na wewe unailipia AC.

Nyundo Butu

Mgeni umesema litalala chini ya mwembe, hilo mbona watu wamelipita kimya kimya? Utomvu wa embe ni asidi, ukidondoka ukapigwa na jua siku mbili unaacha alama kama umemwagia dawa. Na juu ya mwembe wa Dar kuna nani? Kunguru. Kinyesi cha kunguru kwenye boneti ya moto saa nane mchana kinakula klia siku hiyo hiyo. Kosa langu nilikuwa nakikwangua kikavu na kucha, nakwaruza pia. Sasa hivi nina chupa ya maji na kitambaa kwenye mlango, naloweka dakika tano, nanyanyua bila kusugua. Turubai nalo usijaribu kama hapo pana vumbi, upepo ukilitikisa linasugua gari usiku kucha wewe umelala.

Mgeni Barabarani

Dah. Nyeusi nimeifuta kwa mikono yangu. Kuna IST mbili nimeziona, fundi nisaidie kusoma karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari kule Japani, yenye gredi ya ubora na alama za kasoro. Ya kwanza nyekundu, gredi 4, mchoro umeandikwa A1 bampa ya mbele, W2 fenda ya nyuma kulia na W2 mlango wa nyuma kulia. Ya pili silva, gredi 3.5, ina A1 nyingi, kama saba hivi, na U1 mbili, hakuna W hata moja. Bei silva iko chini kidogo.

Fundi wa Gerezani

A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, na 1 maana yake ni kadogo. W ni alama ya pale paliponyooshwa na kupigwa rangi, W2 kazi inaonekana ukiangalia vizuri. Huyo mwekundu aligongwa ubavu wa kulia akatengenezwa, sio lazima liwe baya, ila miaka miwili ya jua la Mbezi ule ubavu unaweza kuachana na mwenzake, muulize kijana wa Likoni. Silva lina makovu ya maisha ya kawaida ila ngozi yake ni ya kuzaliwa nayo. Mie ningebeba silva na gredi yake 3.5.

Likifika pita na mimi nina kipimo cha maikroni, tunapima bodi zima. Ikisoma 120 au 130 kote, lala usingizi. Ikiruka 300 pamepigwa rangi, ikienda elfu na ushee ujue chini pana puti, ile ya kuzibia mabonde. Kama huna kipimo angalia kwenye mipira ya vioo na bawaba za milango, rangi iliyopulizwa mtaani huwa inaacha ukungu humo. Na namba ya rangi iko kwenye kibati, tafuta palipoandikwa C/TR, andika kwenye simu kabisa maana siku ya kuchanganya rangi watu wanakuja wananiambia "ni silva tu fundi", silva ziko nyingi kama majina ya watu.

Lulu ya Mbezi

Fundi gari likifika, au likishapigwa rangi upya, naweza kupiga waksi siku hiyo hiyo?

Fundi wa Gerezani

Kama ni rangi ya kiwandani piga hata leo. Kama ni sehemu niliyopuliza mimi, iache mwezi mmoja au miwili ipumue, tina, kile kimiminika cha kuchanganyia rangi, itoke yote. Ukiifunga na waksi mapema inabaki laini.

Mgeni Barabarani

Mrejesho wakuu. Silva imelipiwa jana, inasubiri meli. Ndoo ya pili nimenunua, moja ya sabuni moja ya kusuuzia kitambaa. Mama watoto nimemsomea karatasi yote ya mnada mpaka W2, akanyamaza, akasema sawa ila kava za siti atachagua yeye. Ameshachagua. Ni nyekundu.

Mama Wawili Dom

😂😂😂 na mwembe je?

Mgeni Barabarani

Mwembe ni wa jirani, kwangu limeingia tawi tu. Mazungumzo yanaendelea.