Nina mosi kutoka Amani, nadhani ni spishi mpya. Jina la bibi yangu kwa Kilatini linaishiaje?

Mwana_wa_Muheza (mleta uzi):
Habari wakuu. Nasoma uzamili wa botania. Nina mosi, vile vimea vidogo vya kijani vya kwenye udongo mbichi, nimeichuma kando ya njia Amani, Usambara Mashariki. Urefu haufiki milimita 4. Majani yamejipanga safu mbili, na kila jani chini yake lina kimfuko kinachokumbatia shina. Jenasi haina ubishi: Fissidens. Ila nimepita ufunguo wote wa utambuzi, ule mwongozo wa kutofautisha spishi hatua kwa hatua, haikai popote. Nataka kuipa jina la marehemu bibi, Zaina. Ni *zainae* au *zainai*? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa, silali.

Mama_Korogwe:
Ni *zainae*, mwanangu, na bibi apumzike kwa amani. Umenigusa. Lile ua la zambarau tulilokuwa tukilichuma kwenye miamba yetu, mwaka 1893 liliitwa Saintpaulia kwa heshima ya Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Bibi zetu walikuwa wanalipita kila siku kisimani, nani aliwauliza? Mpe bibi yako jina.

Hadubini40:
Ijumaa kuna nini? Na hiyo mosi ina kapsuli, kile kikopo chenye spora, vumbi lake la kuzalia?

Mwana_wa_Muheza:
Mkuu, nimeuliza jina tu.

Hadubini40:
Jina huja mwisho. Fissidens ina spishi zaidi ya 400 duniani. Unaangalia kama jani lina ukingo wa seli ndefu, kama seli zina vinundu, mshipa wa kati unaishia wapi, na meno 16 ya mdomo wa kapsuli. Ina kapsuli au haina?

Mwana_wa_Muheza:
Haina. Nilipata kishungi kimoja tu, na sehemu yake kubwa nimeikata kwa ajili ya hadubini. Lakini zipo spishi zilizoelezwa bila kapsuli. Andiko nimeshalituma, jarida wamelikubali, ada ni Ijumaa na nusu nimelipa. Na jani langu halina mshipa kabisa! Hilo peke yake linatosha.

Baba_Neema:
Jarida linalokubali haraka hivyo linataka pesa, halitaki mosi. Binamu yangu alilipia cheti cha kompyuta kwa njia hiyo hiyo, mpaka leo anakisubiri. Vijana jifunzeni subira, Mungu hapendi pupa.

Chai_Jaba:
Fissidens bila mshipa? Chai hii, tena ya rangi. Kajiunga leo, picha hakuna, bibi marehemu, Ijumaa ada. Kesho ataomba namba tumchangie.

Mwana_wa_Muheza:
Sijaomba hata shilingi. Picha ninazo, zimo kwenye andiko.

Hadubini40:
Chai_Jaba, punguza. *Fissidens hyalinus* haina mshipa, na ilipewa jina tangu karne ya 19. Hiyo inamtetea kijana na pia inambana, maana kukosa mshipa si jambo jipya. Ufunguo uliotumia ni wa wapi?

Mwana_wa_Muheza:
Amerika ya Kati. Ndio bora niliopata mtandaoni. Spora husafiri na upepo, spishi nyingi ziko mabara yote mawili.

Hadubini40:
Nyingi, si zote. Ya Afrika ikikosekana kwenye ufunguo wa Amerika, haijawa mpya. Tamás Pócs wa Hungaria alikusanya mosi nyingi sana Usambara na Uluguru. Linganisha na sampuli za Afrika kwanza, anzia hebariamu ya Nairobi, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Halafu sheria ya majina inadai holotaipu, yaani sampuli moja rasmi inayobeba jina, na utaje hebariamu inakotunzwa. Utaweka nini pale?

Mwana_wa_Muheza:
Vimebaki vishina viwili. Nikisimamisha, nusu ya ada wanarudisha?

Mama_Korogwe:
Hawarudishi, mwanangu. Ila nusu nyingine bado iko mfukoni mwako. Itumie kwa nauli ya Amani masika yakianza, utafute zenye kapsuli, na kibali uwe nacho.