Mmiliki ana mabilioni, kwa nini tuuze vijana wa akademi?

KonaBendera: Wakuu, nisaidieni hesabu. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ina bilionea, halafu kila dirisha wanaopigwa bei ni watoto waliolelewa palepale. Ghali wa benchi habanduki. Si tajiri aingize tu pesa yake?

Leja: Pesa anayo, ila kanuni za ligi hukagua vitabu vya hesabu vya klabu. Mchezaji wa pauni milioni 60 kwa mkataba wa miaka 5 huandikwa gharama ya milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka 2 amebakiza milioni 36 vitabuni. Muuze kwa 30, umeandika hasara ya 6. Kijana wa akademi hakununuliwa, kwa hiyo vitabuni ni sifuri. Muuze kwa 30, zote ni faida, tena ya mwaka huohuo hata mnunuzi akilipa kwa awamu. Chelsea walipomuuza Mason Mount, kijana wa akademi yao, 2023: ndiyo hiyo.

BekiTatu: Tarehe nayo inaua. Klabu nyingi hufunga hesabu Juni 30. Nottingham Forest walimuuza Brennan Johnson, kijana wa akademi yao, Septemba 1, 2023 wakisubiri bei nzuri, pesa ikaangukia mwaka wa hesabu uliofuata. Kikomo chao cha hasara kilikuwa milioni 61 (cha kawaida kilikuwa 105 kwa miaka 3, lakini 2 kati ya hiyo walikuwa daraja la chini). Wakapitiliza kwa milioni 34.5, wakakatwa pointi 4.

Na hizo 105, hadi 90 mmiliki alitakiwa azibe kwa mtaji wa hisa, yaani pesa anayoingiza moja kwa moja bila kuidai. Kuikopesha klabu hakukuhesabiwa.

KonaBendera: Basi dawa ni mikataba mirefu?

Leja: Ilikuwa. Milioni 60 kwa miaka 8 ni 7.5 tu kwa mwaka. Mudryk alipewa na Chelsea miaka 8 na nusu Januari 2023. Mwaka huohuo UEFA, kisha Ligi Kuu, wakaweka ukomo: gharama igawanywe kwa miaka 5, mkataba uwe mrefu utakavyo. Na akiboronga? Baada ya miaka 3 bado amebakiza 37.5 vitabuni. Nani atamchukua kwa bei hiyo, na mshahara ule?

MsomaHesabu: Mkuu, anza na pesa ya kununulia klabu yenyewe. Familia ya Glazer ilipoichukua Manchester United 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na deni likabebeshwa klabu. Hesabu za klabu za Uingereza zipo bure Companies House, msajili wa makampuni wa huko. Fungua maelezo ya mikopo uone anayedai ni nani, kwa riba ipi, na dhamana ni nini. Ukikuta uwanja umewekwa rehani, hapo ndipo pa kuuliza maswali.