Naomba ushauri: bolti moja ya silinda hedi imekuwa nyepesi katika robo ya mwisho

Ndugu mafundi, ninaiunda upya injini ya 4A-FE ya Corolla yangu nyumbani, na jana nilifikia hatua ya kufunga silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda). Nilipaka oili kidogo kwenye bolti zote 10, nikaanza na za katikati kuelekea pembeni, nikazikaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 29, kisha nikatia alama ya rangi nyeupe kwenye kila kichwa ili nizungushe digrii 90 mara mbili. Tisa zilizidi kuwa ngumu kama inavyotakiwa. Ya kumi, upande wa ekzosi, ilizunguka robo ya mwisho kwa wepesi ulionitia mashaka, kana kwamba inavutika badala ya kubana. Bolti hizo ni za zamani, na nakiri sikuzipima urefu kuona kama zimerefuka, kwa uvivu tu. Je, nifungue zote na kununua seti mpya pamoja na gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku), ambayo sasa imeshabanwa, au inatosha kutoa hiyo moja? Nitatambuaje kama ni bolti iliyochoka au ni uzi wa tundu la bolti kwenye bloku uliokatika? Jirani yangu anashauri niiongezee nguvu kidogo, nami nasita.