Picha ya Twofold Bay (ghuba ya Australia), "1843": imechorwa kwa mkono au ni chapa?

Mdau_Ngara: Hamjambo wadau. Kuna picha ya rangi za maji hapa Nairobi, sm 24 kwa 35, imeandikwa kwa penseli "Twofold Bay 1843". Ina vibanda vya wavuvi wa nyangumi, mashua ufuoni na mnara wa mawe kwenye rasi. Mawingu yamekuwa ya waridi, karatasi ina madoa ya kahawia. Nitajuaje kama ni halisi? Fundi wa fremu anaweza kuisafisha?

Lenzi10: Itoe kwenye fremu, uitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona nukta zilizojipanga, ni chapa ya mashine, usijisumbue zaidi. Rangi ya mkono hukauka ikiacha ukingo mzito, na chembe zake hutuama kwenye vishimo vya karatasi. Kinachodanganya wengi ni litografia (chapa ya mchoro uliofanywa juu ya jiwe) iliyopakwa rangi baadaye: mistari yake ya chini hufanana na penseli ila haimetimeti. Kisha inyanyue dirishani utafute alama ya maji, yaani alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi. Karatasi za J Whatman, za Uingereza, mara nyingi zina mwaka kwenye alama hiyo. Ukiwa baada ya 1843, maandishi hayo ni ya uongo.

Rasi_Kusini: Mimi huo mnara ndio unaonitia shaka. Benjamin Boyd, mfanyabiashara aliyeendesha uvuvi wa nyangumi hapo Twofold Bay, alifika Australia mwaka 1842, na mnara wake pale rasini ulijengwa karibu na 1847. Labda tarehe iliongezwa na muuzaji. Usikimbilie pia kumtaja Oswald Brierly, ingawa ndiye mchoraji aliyesimamia uvuvi wa nyangumi wa Boyd. Kagua mashua: za kazi hiyo zilichongoka mbele na nyuma, na ziliongozwa kwa kasia refu, si usukani.

Wanga_wa_Ngano: Fundi asiiguse kwa maji wala dawa ya kung'arisha nguo! Rangi imeshikwa na gundi inayoyeyuka majini. Waridi hiyo huenda ni nili iliyochujuka kwa mwanga: wachoraji waliichanganya na nyekundu ya udongo kupata kijivu cha mawingu, nili ikapotea, nyekundu ikabaki. Hairudi. Fundi akate tu kadibodi isiyo na asidi, nene ya kutosha picha isiguse kioo, aishike juu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Selotepu marufuku. Mwanga usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Msimu wa mvua ndefu usiitundike kwenye ukuta wa nje. Unyevu ukipita asilimia 65, kuvu huanza nyuma, usikochungulia.